Zaitun isiyo na mizeituni: Quanzhou kwa mtu wa pwani

Kwenye magofu ya Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji wa Bagamoyo, makaburi ya kale yana vishimo vya duara kwenye chokaa. Ndimo zilimopachikwa sahani na bakuli za kutoka China. Nyingi ziling'olewa zamani, na vigae vilivyosalia vimewekwa kwenye jumba dogo la makumbusho hapo hapo. Tongoni, kusini mwa Tanga, mambo ni hayo hayo. Wanafunzi hupitishwa pale, huambiwa "hivi vilitoka China", huandika kwenye daftari, huondoka. China ni kubwa mno kuwa jibu.

Vigae vingi vya kijani kilichofifia ni kazi ya matanuri ya Longquan, huko milimani mashariki mwa China. Vyombo viliteremshwa mtoni hadi pwani, vikapakiwa jahazini. Kati ya bandari zilizopakia mizigo ya namna hiyo, iliyotia fora zama za Song na Yuan, yaani karne ya 10 hadi ya 14, ni Quanzhou, mkoa wa Fujian. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na maeneo yake 22 kwa mkupuo mmoja: msikiti na mahekalu, madaraja, matanuri, mabaki ya ofisi ya forodha.

Wengi wetu tunaokwenda China tunaishia Guangzhou kufuata mzigo. Mzigo ukichelewa kupakiwa, mtu anakaa hotelini siku tatu akitazama dari. Siku tatu hizo zinatosha Quanzhou, na haya ndiyo ya kujua kabla hujakata tiketi.

Kwanza jina. Quanzhou hutamkwa karibu na "Chwanjou". Ukiitamka kwa haraka mbele ya dirisha la tiketi, mwenye kusikiliza anaweza kusikia Guangzhou, na ukapewa tiketi ya kurudi ulikotoka. Andika kwenye simu: 泉州. Guangzhou ni 广州. Herufi ya pili ni moja, ya kwanza ndiyo inayotofautisha. Onyesha, usitamke.

Waarabu na Waajemi waliuita mji huu Zaitun. Si kwa sababu ya mizeituni. Zamani mji ulipandwa miti iitwayo citong, yenye maua mekundu makali, jamaa ya mwamba-ngoma wa kwetu, na masikio ya mabaharia yakaligeuza jina hilo likawa zaitun. Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331 akitoka Mombasa kwenda Kilwa, alifika Zaitun miaka ya 1340, na hakuacha kuandika kwamba hakuna mzeituni hata mmoja. Kitambaa cha satini nacho, kwa maoni ya wataalamu wengi wa lugha, kilipata jina lake kwenye bandari hiyo.

Mtu wa pwani anauelewa mji huu haraka kuliko mtalii wa kawaida, kwa sababu umejengwa juu ya vitu anavyovijua: pepo mbili, maji kujaa na kupwa, makombe, na wageni waliokuja na msimu wakakaa moja kwa moja. Anza na pepo. Magharibi kidogo mwa mji kuna kilima cha Jiuri, na kwenye miamba yake kuna maandishi yaliyochongwa kati ya mwaka 1174 na 1266. Maofisa wa serikali walikuwa wakipanda pale mara mbili kwa mwaka kuomba upepo mwema. Wakati wa baridi waliomba upepo wa kaskazini-mashariki uchukue jahazi kusini. Kiangazi waliomba wa kusini-magharibi uzirudishe. Kwa maneno mengine, kaskazi na kusi. Ni mfumo ule ule wa pepo uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni hapa Bagamoyo, isipokuwa kule upepo ulikuwa na faili ofisini: tarehe, majina ya waliohudhuria, na shughuli iliyofanyika, vyote kwenye jiwe. Ofisi yenyewe ya biashara ya bahari ilifunguliwa Quanzhou mwaka 1087. Kilima kiko nje ya njia na maandishi ni ya Kichina kitupu, kwa hiyo usiende bila mtu wa kukusomea. Asiye naye asione haya kukiruka.

Kisichorukwa ni Msikiti wa Qingjing, barabara ya Tumen, katikati ya mji. Ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, yaani 1009, na ukafanyiwa matengenezo makubwa mwaka 1310 na mtu aliyetoka Shiraz. Sisi tuliokulia kwenye masimulizi ya Washirazi tunaweza kusimama hapo kidogo. Lango lake ni refu, la mawe ya kijani-kijivu na meupe, lenye matao yaliyochongoka yakifuatana moja ndani ya jingine kadiri unavyoingia. Halifanani na kitu chochote cha Kichina jirani yake. Juu ya lango kuna jukwaa lililozungushiwa ukingo, na kazi yake ilikuwa kutazamia mwezi mwandamo.

Ndani, ukumbi mkubwa wa kuswalia hauna paa. Lilianguka karne nyingi zilizopita na halikurudishwa. Zimebaki kuta za mawe, madirisha manane ya upande wa barabara, vitako vya nguzo kwenye majani, na mihrabu kwenye ukuta wa magharibi, maana kutoka kule Makka iko magharibi. Aliyewahi kusimama ndani ya msikiti wa Kaole ataona kufanana: kuta zipo, kibla kipo, juu ni mbingu. Tafuta pia jiwe lenye amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407 inayokataza watu kuwabughudhi Waislamu. Swala huswaliwa kwenye jengo jingine ndani ya uwanja huo huo. Kiingilio ni yuan chache tu. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti, na Ijumaa mchana usiende kupiga picha.

Ukitoka langoni, hatua chache tu utakutana na hekalu la Guan Yu, jemadari wa kale anayeabudiwa, limejaa moshi wa udi na watu wanaorusha vibao vya kupigia ramli. Majengo hayo mawili yamekaa jirani kwa karne nyingi. Waandishi wa vipeperushi hulipamba jambo hili mpaka likachosha. Ukweli una upande mchungu pia: kati ya 1357 na 1366 askari wa kigeni, wengi wao Waajemi, waliasi na kuushika mji, na uasi uliposhindwa wageni wengi wakauawa na makaburi yao yakavunjwa. Mawe ya makaburi yakatumika kujengea ukuta wa mji.

Mawe hayo ndiyo sababu ya kwenda Makumbusho ya Bahari, upande wa mashariki wa mji. Ukuta wa mji ulipobomolewa karne ya 20, mawe yenye maandishi ya Kiarabu yakaanza kutoka. Mwalimu mmoja wa hapo, Wu Wenliang, akawa anayaokota, anayanunua na kuyanakili, na mwaka 1957 akachapisha kitabu juu yake. Makumbusho yalianzishwa 1959. Leo mawe hayo yamepangwa ukumbini kwa safu: ya Waislamu, ya Wakristo yenye msalaba uliokaa juu ya ua la yungiyungi, ya Wahindu.

Hapa aliyepita madrasa ana faida ambayo wageni wengine hawana. Mwongozaji atasema "maandishi ya Kiarabu" na kuendelea mbele. Wewe simama usome. Mengi yana aya ile ile inayosomwa kwetu matangani, kwamba kila nafsi itaonja mauti. Kisha, kwenye jiwe moja baada ya jingine, utakuta maneno haya: mwenye kufa ugenini amekufa shahidi. Chini yake jina, na mahali alikotoka. Ni watu waliosubiri kaskazi ikaondoka bila wao. Tenga saa mbili kwa ukumbi huo peke yake na upite kwa mwendo wa kawaida kwingine kote. Makumbusho mengi ya China hufungwa Jumatatu, kwa hiyo panga siku zako kuanzia hapo.

Upande huo huo wa mji, mashariki zaidi, kuna makaburi ya Lingshan. Mapokeo yanasema waliozikwa pale ni wawili kati ya wajumbe wanne wa Mtume waliofika China zama za Wude, 618 hadi 626. Wanahistoria wanabishana juu ya tarehe hiyo, na ugomvi huo usikuzuie kwenda. Makaburi mawili ya mawe yamekaa mlimani, yamezungukwa na baraza yenye nguzo iliyojipinda kama kwato ya farasi, pamoja na jiwe la Kiarabu la mwaka 1322. Pembeni kuna jiwe jingine, dogo, wengi hulipita bila kuliona. Linasema kwamba mjumbe wa mfalme, Zheng He, akielekea Hormuz, alikuja kufukiza udi hapa na kuomba salama siku ya 16 ya mwezi wa tano, mwaka wa 15 wa Yongle. Huo ni mwaka 1417, na safari hiyo, ya tano, ndiyo iliyofika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Sasa jahazi. Liko ndani ya uwanja wa hekalu la Kaiyuan, mtaa wa Xi Jie, kwenye banda lake la makumbusho, na wageni wengi hutoka hekaluni bila kujua lipo. Lilifukuliwa mwaka 1974 kwenye tope la ghuba ya Houzhu. Lilizama mwisho wa karne ya 13. Kilichobaki kina urefu wa mita 24 na ushei na upana wa mita 9, na tumbo limegawanywa kwa kuta za mbao kupata vyumba 13. Chombo kikitoboka, maji yanajaa chumba kimoja na vingine vinabaki vikavu.

Aliyezoea kusimama pwani hapa akitazama mafundi wakiunda jahazi ana mengi ya kulinganisha. Mkuku upo, tena wa nguvu, na umbo la chini ni la kukata maji, si bapa. Lakini mbao za ubavuni zimepangwa tabaka mbili, sehemu nyingine tatu, moja juu ya nyingine. Kwetu mataruma ndiyo yanayobeba umbo la chombo. Kule kazi kubwa ya kushika ubavu inafanywa na zile kuta za vyumba. Kalafati nayo ni tofauti. Mafundi wetu husindika pamba na mafuta kwenye nyufa. Wao walisindika nyuzi zilizochanganywa na chokaa ya makombe na mafuta ya mbegu za mti wa tung, mchanganyiko unaokauka ukawa mgumu kama sementi. Sogea karibu na maungio utayaona mabaki meupe kati ya mbao. Na kwenye maungio ya mkuku walificha sarafu na kioo cha shaba, kama kafara ya chombo kipya. Fundi wa kwetu asingeshangaa.

Mzigo uliokutwa ndani: magogo ya udi na mbao za manukato, kilo zaidi ya 2,000, pilipili manga, ubani, magamba ya ng'amba, ambari, na kauri. Kauri zile za baharini, makombe. Lugha yetu ina neno moja kwa kombe lililokuwa likiingia China na kwa chombo cheupe kilichokuwa kikitoka. Ubani na ambari ni bidhaa za pande za Uarabuni na Pembe ya Afrika, ingawa jahazi hili lenyewe huenda halikufika mbali hivyo. Mizigo ilikuwa ikipokezana bandari kwa bandari.

Hekalu la Kaiyuan lenyewe lilianzishwa mwaka 686. Minara yake miwili ya mawe ndiyo alama ya mji. Wa magharibi ulikamilika 1237, wa mashariki 1250, na huo wa mashariki una kimo cha mita 48. Tetemeko kubwa la mwaka 1604 liliubomoa mji, minara ikabaki. Siri yake ni nguzo nene ya mawe katikati, iliyoungwa na ukuta wa nje kwa boriti za mawe kila ghorofa, hivyo mnara wote hutikisika kama kitu kimoja. Kabla hujatoka, zunguka nyuma ya ukumbi mkuu: nguzo mbili pale zina michoro ya miungu ya Kihindu, zilihamishwa kutoka kwenye hekalu la wafanyabiashara wa Kusini mwa India lililokwisha kuvunjika.

Tetemeko hilo ndilo linaloelezwa kuzaa kuta za ajabu za nyumba za Quanzhou: mawe meupe na matofali mekundu vimechanganywa ovyo ovyo, lakini kwa mpangilio. Watu waliokota kifusi wakajengea. Leo mafundi hulipwa kuiga kifusi hicho kwenye mikahawa mipya. Mtaa wa Xi Jie wenyewe, jioni za mwisho wa wiki, haupitiki. Nenda saa moja asubuhi, wakati wauza uji ndio wanafungua.

Daraja la Luoyang ninalipa nafasi kuliko minara. Na hapa kuna mtego mwingine: Luoyang ni jina pia la mji maarufu ulio zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini. Ukitafuta hoteli "karibu na daraja la Luoyang" kwa pupa, programu itakupeleka huko. Daraja liko kilomita kumi na kitu kutoka katikati ya Quanzhou, kwenye mlango wa mto.

Lilijengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya liwali wa mji, Cai Xiang. Tatizo lilikuwa tope, mkondo wa mto upande mmoja na maji ya bahari upande wa pili. Nguzo iliyosimikwa peke yake ingezama au kusombwa. Kwa hiyo hawakuanza na nguzo. Walimwaga mawe kuvuka mto mzima, kufuata mstari wa daraja, mpaka yakawa kama tuta pana chini ya maji. Juu ya tuta wakajenga nguzo zilizochongoka ncha zote mbili, kama ngalawa, zipasue maji ya mto na maji ya bahari. Kisha wakapanda chaza. Chaza hujishika kwenye jiwe kwa magamba yao, mmoja juu ya mwenzake, na baada ya miaka michache mawe yaliyokuwa yamelegea yanakuwa yamegandishwa pamoja. Kuvuna chaza kwenye nguzo kulipigwa marufuku. Mabamba mazito ya juu yaliletwa kwa vyelezo wakati maji yamejaa, yakaelea mpaka juu ya nguzo, na maji yalipokupwa yakajikalisha yenyewe mahali pake. Hakukuwa na winchi ya kuinua mzigo ule. Bamvua ndiyo ilikuwa winchi.

Sasa kosa la wageni: wanakwenda maji yamejaa, wanaona barabara ya mawe juu ya maji, wanapiga picha, wanarudi wakisema daraja la kawaida. Nenda maji yamekupwa. Ndipo utaona nguzo zilivyochongoka na chaza walivyojishonea. Mtu wa pwani anajua kuhesabu: bamvua huja mwezi mchanga na mwezi mpevu, na kalenda ya kienyeji ya Wachina nayo inakwenda kwa mwezi, kwa hiyo tarehe zao za mosi na kumi na tano ni za bamvua. Saa kamili tazama kwenye jedwali la maji la siku hiyo, usikisie kwa saa za Bagamoyo. Mawe ya juu yana mapengo na yanateleza baada ya mvua. Acha ndara hotelini.

Kuna daraja jingine refu zaidi, la Anping, lenye zaidi ya kilomita mbili, la karne ya 12. Bahari imejaa udongo pale, sasa linapita juu ya bustani na madimbwi. Kama una nusu siku ya ziada, nenda. Kama huna, Luoyang linatosha.

Kijiji cha Xunpu, pwani ya kusini-mashariki, kimekuwa maarufu mtandaoni kwa maua ya kichwani. Wanawake wa hapo ni wavuvi na wachuuzi wa chaza, na kwa desturi yao nywele hufungwa kisogoni, hukazwa kwa kijiti kirefu, kisha huzungushiwa duara la vikonyo vya asumini na maua mengine yaliyotungwa uzini, la pili, la tatu, mpaka kichwa kiwe bustani. Mwenye kujua kikuba na koja atatambua kazi ya mkono: kutoboa shina bila kuchana petali, na kutunga vikonyo kabla havijafunguka ili harufu ije baadaye. Kufungwa maua huchukua kama nusu saa, na bei huanzia yuan 40 hivi. Nguo na mpiga picha ni malipo mengine. Ulizia mapema kama maua ni mabichi au ya plastiki, maana vibanda vingi huchanganya. Mabichi hulegea upesi juani, hivyo nenda asubuhi.

Mimi ningekupeleka Xunpu kwa ajili ya kuta. Nyumba za zamani pale zimejengwa kwa magamba makubwa ya chaza, yamepangwa kwa kuinama kama magamba ya samaki, migongo nje. Hayaozi, chumvi haiyali, na hewa iliyonaswa ndani ya makombe huzuia joto na baridi. Wenyeji husimulia kwamba makombe hayo makubwa si ya kwao: vyombo vilivyopeleka hariri na vyombo vya kauri hadi pwani ya Afrika Mashariki vilirudi vitupu mno, vikapakia makombe kuwa farumi ili visipinduke, na farumi ikatupwa ufukweni. Ni simulizi, lichukue hivyo. Lakini pitisha kiganja juu ya ukuta huo, kisha ukumbuke matumbawe ya nyumba za Mji Mkongwe hapa kwetu.

Chakula kinahitaji tahadhari kwa Mwislamu. Mafuta ya nguruwe yamo hata usipoyaona. Uji wa tambi laini, mianxian hu, ambao ndio kifungua kinywa cha mji, hutiwa utumbo wa nguruwe. Kimanda cha chaza, chenye unga wa viazi vitamu, mara nyingi hukaangwa kwa mafuta hayo hayo. Supu ya nyama ya ng'ombe nayo si halali kwa sababu tu ni ya ng'ombe. Tafuta maandishi 清真 kwenye kibao. Maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono yanayoendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi huwa nayo. Salama zaidi kati ya vyakula vya wenyeji ni supu tamu ya karanga, iliyochemshwa mpaka karanga zinayeyuka mdomoni, na shihuagao, mchuzi ulioganda wa mwani unaoliwa na asali. Mwani wake si huu unaolimwa Mlingotini, lakini mlaji wa pwani hatashtuka. Ule mchuzi ulioganda unaoitwa tusundong una minyoo ya pwani ndani. Umeambiwa.

Chai ya Tieguanyin hutoka Anxi, wilaya iliyo chini ya Quanzhou. Majani gramu 7 au 8 kwenye kikombe cha mfuniko cha mililita 110, maji yanayochemka, maji ya kwanza humwagwa, ya pili husubiri sekunde 15 tu, na majani hayo hayo hurudiwa mara sita au saba. Ukiyaacha dakika tano kama chai ya rangi, utakunywa uchungu na kulaumu muuzaji. Sukari hakuna, usiulize. Mwenyeji akikujazia kikombe, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante.

Kuhusu safari. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza, na kama unatoka Guangzhou treni ya kasi huchukua saa nne hadi sita kutegemea uliyoipata. Kutoka Xiamen ni kama nusu saa. Tiketi ya treni hufungwa na namba ya pasipoti, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Mji una stesheni zaidi ya moja, na Quanzhou, Quanzhou Dong na Quanzhou Nan ziko mbali mbali. Soma tiketi yako siku ya kurudi. Nyumba ndogo za wageni hukataa pasipoti za kigeni, kwa hiyo hakikisha kabla hujalipa. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat ukiwa bado nyumbani, maana ujumbe wa uthibitisho hutumwa kwenye laini yako ya Tanzania. WhatsApp na ramani za Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya kule. Mjini kati, vibasi vidogo vyeupe vya umeme vinatosha, na kutoka msikitini hadi Kaiyuan ni kama nusu saa kwa miguu. Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi mizuri, isipokuwa wiki ya kwanza ya Oktoba, ambapo China nzima iko likizo. Julai hadi Septemba ni vimbunga.

La mwisho ni kununua. Kauri nyeupe ya Dehua, wilaya nyingine ya Quanzhou, inatengenezwa mpaka leo na ni nyepesi kubeba. Inua kikombe kwenye mwanga, weka vidole nyuma yake: chema huonyesha kivuli cha vidole, na weupe wake unaelekea kwenye pembe za ndovu kuliko kwenye karatasi. Kigonge kidogo kwa ukucha. Kikilia kwa sauti fupi iliyokufa, kina ufa. Anayekuuzia "cha kale" ama anakudanganya, ama anakuingiza matatani, kwa kuwa sheria ya China hairuhusu vitu vya kale vya kabla ya 1911 kutoka nchini. Nunua kipya, jaza soksi ndani, kizungushie fulana, na ukibebe mkononi. Kwenye mzigo wa kontena kitafika Bagamoyo kikiwa kigae, na vigae tunavyo.